SOMO: "REFUGEE" NA "DISPLACED" NI KITU KIMOJA?



Sisi tunasema "mkimbizi" kwa kila mtu aliyekimbia vita. Lakini katika karatasi za mashirika zinazoandikwa kwa Kiingereza kuna maneno mawili: "refugee" na "displaced". Yanafanana, maana wote wawili walilazimishwa kuacha nyumba zao. Lakini hayana maana moja.

Mfano: tuseme ndugu wawili wa Fizi wanakimbia usiku mmoja. Mkubwa anavuka ziwa Tanganyika na kufika Kigoma, Tanzania. Mdogo anafika Baraka, kwa shangazi yake. Vita ni vilevile, hasara ni ileile. Kinachowatofautisha ni mpaka wa nchi.

1. "Refugee" ni yule mkubwa. Yuko nje ya nchi yake. Mkataba wa 1951 unamlinda mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi lake au mawazo yake ya siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia vita na machafuko makubwa. Nchi iliyompokea haina ruhusa ya kumrudisha kwa nguvu mahali penye hatari kwake.

2. "Displaced" ni yule mdogo. Sisi tunamwita mkimbizi wa ndani. Hakuvuka mpaka. Watu wa Goma waliokimbilia Sake wakati volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa tano 2021 walikuwa hivyo pia, ingawa hawakukimbia vita. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 na Mkataba wa Kampala wa 2009 zinasema kwamba serikali yake mwenyewe ndiyo ya kwanza yenye wajibu wa kumlinda na kumsaidia.

Kwa nini tujifunze haya? Kwa sababu mkimbizi wa ndani si mgeni. Ni raia, mwenye haki sawa na wenyeji. Akipoteza kadi ya uchaguzi au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ana haki ya kupewa kingine. Kiongozi akisema, "Hawa wakimbizi warudi kwao," anamfukuza raia katika nchi yake, na chuki inaanzia hapo. Naye mkimbizi wa ndani akumbuke kuwa sheria za nchi zinamhusu kama wengine, na shamba la mwenyeji lina mwenyewe.

Unapoandikishwa, usione haya kuuliza: "Mmeniandika kwa neno gani?" Useme ukweli juu ya mahali ulipotoka na ulipopita.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
- Katika kijiji chetu, tunawaita watu waliokimbia kwa jina gani? Wao wenyewe wanalisikiaje?
- Ni haki gani wanayonyimwa kwa sababu ya jina hilo?
- Wenyeji na waliokimbia wafanye nini pamoja wiki hii?

Amani iwe nanyi.