SOMO LA WANACHAMA: DAFTARI LA MSITU



Kanuni ya kwanza ya hesabu mwaijua: kilichoingia kiandikwe, kilichotoka kiandikwe, na baki ijulikane. Kanuni hiyo imewafaa hata wataalamu wa misitu.

Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, uko msitu wa utafiti uitwao Hubbard Brook, uliotengwa mwaka 1955. Mwaka 1963 wataalamu, miongoni mwao Herbert Bormann na Gene Likens, walianza kuyafanyia mahesabu mabonde madogo ya msitu huo. Mvua na theluji ndiyo mapato. Maji ya kijito yatokayo bondeni ndiyo matumizi. Kila juma maji hayo hupimwa na kuandikwa, hata leo.

Mwishoni mwa mwaka 1965 miti yote ya bonde moja ilikatwa, na machipukizi yakazuiwa kwa dawa. Kijito kikaanza kubeba naitrojeni nyingi mno: rutuba ilikuwa ikitoroka. Aidha, mvua yenyewe ilikutwa na tindikali kali, iliyotokana hasa na moshi wa makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa mbali. Kadiri miaka ilivyopita, daftari lilionyesha kuwa tindikali hiyo iliondoa madini ya kalisi udongoni.

Wataalamu hawakuyafungia madaftari kabatini. Waliwaeleza wananchi na watunga sheria, na mwaka 1990 sheria ya hewa safi ikarekebishwa ili moshi huo upunguzwe. Mwaka 2001 walitoa taarifa kwa lugha nyepesi, wakasema wazi kuwa msitu haujapona bado.

Hapo ndipo penye funzo. Nimewahi kukagua chama ambacho vitabu vyake havikuwa na kosa, lakini wanachama walimshuku katibu hata wakaanza kuuza mazao yao kwa walanguzi. Sababu ilikuwa moja: kwa miaka mitatu hesabu hazikusomwa mkutanoni. Hesabu isiyosomwa kwa wenye mali haijatimiza kazi yake.

Basi, kila chama kiandike mvua na mavuno ya kila msimu, kibandike taarifa ubaoni, na katibu aisome katika mkutano mkuu, hata ikiwa ni mbaya.

Maswali ya kujadili:
1. Je, chama chetu kinazo kumbukumbu za mavuno za miaka 10 iliyopita?
2. Ni lini mara ya mwisho wanachama walisomewa?