Uteuzi wa Kishikwambi kwa Mwanafunzi wa Kiswahili: Istilahi na Matumizi katika Muktadha wa Bondeni, Nakuru

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi Bondeni, mmojawapo wa mitaa ya kale ya jiji la Nakuru, hukabiliwa na safari za aina mbili. Ya kwanza ni ya kila siku: matatu ya asubuhi hadi Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, zaidi ya kilomita 20, na kurudi jioni. Ya pili huja mara chache katika muda wote wa masomo yake, nayo ni safari ya nyanjani ya kukusanya data ya lahaja au ya fasihi simulizi. Safari hii huweza kumfikisha Mombasa, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, au hata Lamu. Katika safari zote mbili anahitaji kifaa cha kusomea makala, cha kunakili mambo muhimu na cha kurekodia sauti. Kifaa ambacho wengi hukifikiria leo ni kishikwambi.

Makala haya yanajadili namna ya kukiteua kifaa hicho. Hatukusudii kutaja kampuni iliyo bora, kwani bidhaa hubadilika kila mwaka. Hoja yetu ni kwamba kila istilahi inayohusu kishikwambi ni swali ambalo mnunuzi hana budi kumwuliza muuzaji. Anayeielewa istilahi hununua kwa hoja. Asiyeielewa hununua kwa macho. Suala hili si dogo. Fedha za kununulia kifaa mara nyingi hutokana na mkopo wa elimu ya juu au na jasho la mzazi. Aidha, masimulizi ya mzee yaliyorekodiwa katika kifaa kibovu yakipotea, huenda mzee huyo asiwepo tena wa kuyarudia.

2. Jina na Kazi ya Kifaa

Kifaa hiki kina majina kadhaa. Nchini Tanzania neno kishikwambi limeenea mno, hasa baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambapo makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Nchini Kenya wasemaji wengi hutumia tableti au tabuleti, ingawa kishikwambi nalo linazidi kusikika. Kenya ilikuwa imetumia vifaa vya aina hii katika sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2016, serikali ilikuwa imeanza kuvisambaza katika shule za msingi za umma chini ya mpango wa kidijitali, na baadhi yake viliunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta.

Kuna watu wanaokiita kifaa hiki kipakatalishi. Matumizi hayo yanatatiza. Kipakatalishi ni tarakilishi inayopakatwa, yenye kibodi yake ya kudumu. Kishikwambi hakina kibodi ya kudumu. Mtumiaji hugusa kioo. Tofauti hii ya kimaana ndiyo inayozaa swali la kwanza la mnunuzi: je, kazi yangu ni ya kusoma na kurekodi, au ni ya kuandika? Anayeandika tasnifu yenye majedwali, tanbihi na sura nyingi, naye hana maabara ya tarakilishi anayoweza kuitegemea, na anunue kipakatalishi kwanza. Anayeweza kuandikia maabarani, lakini anahitaji maktaba ya kubeba na chombo cha kurekodia, huyo ndiye anayefaidika na kishikwambi.

3. Ukubwa wa Kioo

Kioo hupimwa kwa inchi, mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoelekeana nayo. Kwa kawaida vishikwambi huwa na kati ya inchi 7 na 13. Mwanafunzi atauliza: inchi ngapi zinanitosha?

Jibu linategemea anachokisoma. Makala nyingi za kitaaluma husambazwa kama nakala za kurasa za A4, zenye upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ukurasa huo ukionyeshwa wote katika kioo cha inchi 10, hupungua hadi karibu thuluthi mbili ya ukubwa wake. Herufi za pointi 12 huonekana kama za pointi 8, ambazo bado zinasomeka. Katika kioo chembamba cha inchi 7, ukurasa huohuo hupungua hadi chini ya nusu, na herufi zikawa chini ya pointi 6. Msomaji hulazimika kuukuza ukurasa na kuusogeza huku na huku kwa kila mstari. Katika matatu inayotikisika, kusoma namna hiyo ni adhabu.

Kwa upande mwingine, vishikwambi vingi vya inchi 10 vina uzito wa takribani nusu kilo, ilhali vya inchi 8 huwa na gramu 300 hadi 350 hivi na hushikika kwa mkono mmoja. Kwa hiyo, msomaji wa makala za A4 achague inchi 10 au zaidi. Anayesoma riwaya zilizotayarishwa kwa muundo unaoruhusu herufi kukuzwa na mistari kujipanga upya anaweza kutosheka na inchi 8.

4. Hifadhi na Kumbukumbu

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Muuzaji husema, "Hii ina memori ya 64." Swali la kumrudishia ni: gigabaiti 64 za nini? Kuna mambo mawili yanayotajwa kwa neno hilo moja. Hifadhi ni ghala ambamo vitabu, picha na sauti hukaa hata kifaa kikizimwa. Kumbukumbu ya kazi ni mfano wa meza ambayo juu yake programu hutandazwa zinapotumiwa. Kifaa kikizimwa, meza huwa tupu. Kishikwambi chenye ghala kubwa na meza ndogo kitabeba vitabu vingi lakini kitafunguka polepole. Kwa matumizi ya kawaida ya leo, kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 4 ni kiwango cha chini cha kuridhisha.

Kuhusu hifadhi, mtafiti wa nyanjani anaweza kukokotoa mahitaji yake. Sauti isiyobanwa, ya ubora unaotumika katika diski za muziki, huhitaji takribani megabaiti 635 kwa saa moja. Sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huhitaji megabaiti 58 hivi kwa saa. Mahojiano ya saa 20 yatachukua karibu gigabaiti 13 katika hali ya kwanza, na zaidi kidogo ya gigabaiti 1 katika hali ya pili. Anayechunguza fonolojia ya lahaja anahitaji sauti isiyobanwa. Anayekusanya ngano kwa ajili ya maudhui anaweza kutumia iliyobanwa.

Ikumbukwe kwamba mfumo wa uendeshaji pamoja na programu zake humeza sehemu kubwa ya hifadhi kabla mnunuzi hajaweka chochote. Kishikwambi cha gigabaiti 32 kwa hiyo hujaa upesi. Aidha, mnunuzi aulize kama kuna nafasi ya kadi ndogo ya kuongezea hifadhi. Vishikwambi vingi vya Android vinayo, iPad haina.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni ya utafiti, rekodi ziwe na nakala tatu: moja katika kishikwambi, nyingine katika flashi au kadi, na ya tatu mtandaoni pindi mtandao unapopatikana. Kifaa nacho kifungwe kwa nywila, kwani sauti ya mtu aliyekuruhusu kumrekodi ni amana.

5. Betri

Uwezo wa betri hutajwa kwa miliampea-saa. Kishikwambi cha inchi 8 huwa na 5,000 hivi, na cha inchi 10 huwa na 7,000 au zaidi. Hata hivyo, takwimu kubwa si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kioo kikubwa nacho hula umeme mwingi. Swali la maana ni: kinadumu saa ngapi kikisomewa, mwangaza ukiwa wa wastani?

Msafiri wa mbali hubeba pia pawabenki. Hapa pana hesabu ya kuzingatiwa. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 huwa na wati-saa 37 hivi. Sehemu ya nishati hiyo hupotea katika kuhamishwa, na huenda zikabaki 24 au 25 tu. Betri ya kishikwambi ya 7,000 ina wati-saa 26 hivi. Kwa hiyo pawabenki hiyo haitakijaza kishikwambi hata mara moja kamili, wala si mara moja na nusu kama takwimu zinavyomshawishi mnunuzi. Anayekwenda mahali pasipo na umeme kwa siku mbili achukue ya 20,000.

6. Vumbi, Mtandao na Fundi

Inaelezwa kwamba jina Nakuru lina asili katika lugha ya Kimaasai na kwamba linahusishwa na vumbi. Mkazi wa Bondeni hahitaji mwanaisimu wa kumthibitishia hilo wakati wa kiangazi. Vumbi huingia katika tundu la chaja na la spika. Kinga ya kifaa huonyeshwa kwa herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi, na kilele chake ni 6, ya pili hueleza kinga dhidi ya maji. Vishikwambi vya bei nafuu kwa kawaida havina alama hiyo, hivyo kava inayofunika kioo na pembe ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Kuhusu mtandao, kuna vishikwambi vyenye nafasi ya laini ya simu na vingine vyenye waifai pekee. Vya aina ya kwanza huwa ghali zaidi. Mwanafunzi mwenye simu inayoweza kugawa mtandao hana haja ya kulipia nafasi hiyo, ila akumbuke kwamba atakuwa akizitumia betri mbili kwa wakati mmoja.

Hali kadhalika, kabla ya kununua, mnunuzi amtembelee fundi anayemwamini na kumwuliza: kioo cha aina hii kikipasuka, kipuri kinapatikana hapa Nakuru? Kifaa kisicho na kipuri karibu ni ghali, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Swali hili lina uzito zaidi kwa vifaa vilivyokwisha kutumika. Mnunuzi asilipe kabla ya kukifuta kifaa mbele ya muuzaji na kukiwasha upya. Kikidai nywila ya mmiliki wa awali, akiache: huenda kimeibwa, na hata kama hakikuibwa, hakitamfaa. Aulize pia iwapo kingali kinapokea masasisho ya usalama, kwani mfumo uliopitwa na wakati hatimaye hukataliwa na programu mpya.

7. Kibodi na Maandishi ya Kiswahili

Mwaka 2004, mradi wa kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Tangu hapo lugha yetu imeingia katika mifumo mingi, ikiwemo ya vishikwambi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wanafunzi wengi wa Kiswahili hawajawahi kuichagua katika mipangilio ya vifaa vyao. Matokeo yake ni kwamba kibodi hutumia kamusi ya Kiingereza, na neno sahihi la Kiswahili hugeuzwa kuwa neno la Kiingereza linalokaribiana nalo. Mnunuzi ajaribu akiwa dukani: aongeze kibodi ya Kiswahili, aandike sentensi mbili, aone kinachotokea.

Mtafiti wa matini azingatie pia ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Programu nyingine huandika ritifaa iliyonyooka, nyingine huandika iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni alama moja. Kwa programu za kutafutia huweza kuwa herufi mbili tofauti, na neno lililoandikwa kwa moja lisionekane likitafutwa kwa nyingine. Mtu anayejenga kongoo ateue alama moja tangu siku ya kwanza na aitumie katika vifaa vyake vyote.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba uteuzi wa kishikwambi huanzia katika kazi, wala si katika jina la kampuni. Kwa mwanafunzi wa Bondeni anayesoma makala na kurekodi masimulizi, tunapendekeza kioo cha inchi 10, kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 au zaidi pamoja na nafasi ya kadi, na kipuri kinachopatikana mjini. Mambo mengine, kama kamera yenye sifa nyingi au rangi ya mgongo, yaje baada ya hayo. Kwa wakereketwa wa Kiswahili, fundisho ni pana zaidi: lugha inayoweza kutenganisha hifadhi na kumbukumbu, au kishikwambi na kipakatalishi, humlinda msemaji wake sokoni.

Maswali ya Mjadala

1. Linganisha maneno tableti, kishikwambi na kibao. Ni lipi linalofaa zaidi kusanifishwa, na kwa vigezo gani?

2. Unapanga kurekodi mahojiano 12 ya dakika 90 kila moja kwa sauti isiyobanwa. Kokotoa hifadhi unayohitaji, kisha ueleze utakavyotunza nakala.

3. Tembelea duka moja la vifaa vya elektroniki mjini mwako. Orodhesha istilahi ambazo muuzaji anazitumia kwa Kiingereza pekee, kisha pendekeza visawe vya Kiswahili.