Kumbukumbu ya Mchezaji: Mwendelezo wa Hadithi katika Michezo Mitatu ya Prince of Persia

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii inabeba imani ambayo fasihi yetu, simulizi na andishi, imeirudia kwa sura nyingi: tendo likishatendwa halitenduki. Makala haya yanachunguza hadithi iliyojengwa juu ya dhana iliyo kinyume, ambapo mhusika mkuu anapewa uwezo wa kuyazoa maji yaliyokwisha kumwagika. Hadithi yenyewe haimo kitabuni. Imo katika michezo mitatu ya video iliyotolewa na kampuni ya Ubisoft kupitia studio yake ya Montreal, Kanada: Prince of Persia: The Sands of Time (2003), Warrior Within (2004) na The Two Thrones (2005). Michezo hii ilifufua jina la mchezo uliobuniwa na Mmarekani Jordan Mechner mwaka 1989.

Yamkini msomaji atajiuliza: mchezo wa video una nini cha kumfunza mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili? Mwenzangu mmoja aliniuliza vivyo hivyo katika semina, na wenzetu wakaangua kicheko. Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimecheza michezo hii tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliitenga kabisa na masomo yangu. Padi ilikuwa ya usiku, riwaya ilikuwa ya mchana. Baadaye ndipo nilipogundua kuwa swali lilikuwa moja. Hadithi ikishafikia tamati, anayeiendeleza ana deni gani kwa aliyeisikiliza ile ya kwanza? Makala haya yanashikilia kuwa mwendelezo unaofaulu si ule unaoongeza matukio tu, bali ni ule unaoitambua kumbukumbu ya hadhira na kuifanya sehemu ya hadithi.

Mwendelezo katika Fasihi Yetu

Suala la mwendelezo si geni kwetu. Katika ngano, fisi huangamia leo kwa uroho wake, na kesho jioni yu hai tena, mroho vilevile. Yeye hakumbuki lolote. Inayokumbuka ni hadhira, na ndiyo sababu watoto huanza kucheka punde tu jina la fisi linapotajwa.

Aina ya pili inadhihirika katika riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968). Bwana Msa hurejea na kiko chake na rafiki yake Najum, lakini kila fumbo hujitegemea. Msomaji anaweza kuanzia riwaya yoyote asipotee njia.

Aina ya tatu ni ile ambayo kazi ya pili haieleweki vyema bila ya kwanza. Uhusiano wa namna hiyo umejadiliwa sana baina ya Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, na baina ya Bina-Adamu! (2002) na Musaleo! (2004) za Kyallo Wadi Wamitila.

Katika Palimpsestes (1982), Gérard Genette anatenganisha kazi inayokamilisha matini iliyoachwa bila kukamilika na kazi inayorefusha matini iliyokwisha kukamilika, mara nyingi kwa sababu ile ya kwanza ilipendwa. Hii ya pili ndiyo yenye mtego. Ikiwa hadithi ilikwisha vizuri, kuirefusha ni kuufungua mlango ambao mtunzi mwenyewe aliufunga.

Michezo ya video ina aina zote hizi. Tangu Super Mario Bros. (1985), Mario amekuwa akimwokoa binti mfalme ambaye hutekwa tena katika mchezo unaofuata. Huyu ni jamaa ya fisi wetu. Final Fantasy, ulioanza mwaka 1987 nchini Japani, kwa kawaida humpa mchezaji ulimwengu mpya na wahusika wapya katika kila toleo lenye nambari. Michezo mitatu ya Prince of Persia inaangukia katika aina ya tatu, na ndiyo maana tumeiteua.

Mchezo wa Kwanza: Msimulizi Anayejisahihisha

Mwanamfalme wa Uajemi analivamia kasri la Maharaja wa India pamoja na jeshi la baba yake. Anaiba Jambia la Wakati, kisha, kwa hila ya Waziri msaliti, anaifungua saa kubwa ya mchanga. Mchanga huo unawageuza watu kuwa mazimwi. Wanaosalimika ni watatu tu: Mwanamfalme, Waziri mwenyewe, na Farah, binti wa Maharaja aliyekuwa ametekwa. Mwanamfalme na Farah wanapambana pamoja hadi wanapendana. Jambia nalo lina uwezo wa kuurudisha wakati nyuma kwa sekunde chache, mradi tu lina mchanga wa kutosha.

Upekee wa mchezo huu umo katika usimulizi. Tangu mwanzo tunasikia sauti ya Mwanamfalme ikisimulia yaliyokwisha kutokea. Mchezaji akiteleza ukutani na kuanguka akafa, sauti hiyo hukatiza na kusema kuwa sivyo ilivyokuwa, na hadithi ikarejea nyuma kidogo. Kifo cha mchezaji kinafanywa kuwa kuteleza kwa ulimi wa msimulizi! Espen Aarseth, katika Cybertext (1997), alieleza kuwa ziko matini ambazo hazipitiki bila msomaji kutoa juhudi ya ziada. Hapa juhudi hiyo imefumwa ndani ya usimulizi wenyewe: fanani na hadhira wanashika padi moja.

Mwishoni Farah anaanguka na kufa. Mwanamfalme anaurudisha wakati wote hadi kabla ya uvamizi, kisha anaingia chumbani mwa Farah usiku na kumsimulia mambo yote. Ndipo tunapong'amua kuwa hadithi tuliyoicheza ndiyo aliyokuwa akisimuliwa Farah. Yeye haamini. Kwake ni hekaya tu, kwani hayo hayajatokea na hayatatokea. Ushawishi wa Alfu Lela Ulela, ambazo Waswahili wanazijua kwa tafsiri, uko wazi, ila kuna tofauti moja kubwa. Shahrazad husimulia ili asiuawe. Mwanamfalme anasimulia ili aaminiwe na mtu aliyempenda, ambaye sasa hamjui.

Mchezo wa Pili: Deni Linadaiwa

Hadithi hiyo ilikuwa imekamilika, na Warrior Within ukaifungua tena kwa swali la haki: je, aliyeuchezea wakati aachwe hivi hivi? Miaka saba imepita. Dahaka, mlinzi wa mpangilio wa wakati, anamwandama Mwanamfalme kwa kuwa alistahili kufa pamoja na waliokufa. Naye anasafiri hadi Kisiwa cha Wakati ili auzuie Mchanga usiumbwe kamwe. Huko anapambana na Kaileena, Malkia wa Wakati, na anapomuua ndipo Mchanga unapoumbika kutokana na mwili wake. Aliyekimbia kosa anakuwa chanzo cha kosa.

Kimsuko, hatua hii ina mantiki ya tanzia. Hata hivyo, mengi yaliyoupendeza mchezo wa kwanza yaliondolewa. Sauti ya Mwanamfalme ilipewa mwigizaji mwingine, muziki ukawa wa ghadhabu, damu ikaongezwa, na msimulizi anayejisahihisha akanyamaza. Nilipoucheza mara ya kwanza niliuchukia. Leo nauhukumu kwa upole zaidi. Mtu aliyeishi miaka saba na hadithi ambayo hakuna mwingine anayeikumbuka ana sababu ya kuwa na hasira. Upungufu wa mchezo huu ni kuwa unaionyesha hasira hiyo lakini hauipi nafasi ya kujieleza.

Lipo jambo jingine la kuzingatia. Mchezo huu una miisho miwili. Katika mmoja, Kaileena anakufa. Katika mwingine, ambao hupatikana tu kwa mchezaji aliyekusanya nyongeza zote za uhai zilizofichwa, Dahaka ndiye anayeuawa, na Kaileena anasafiri na Mwanamfalme hadi Babeli. Mchezo wa tatu ulipotolewa, uliuchagua mwisho huu wa pili kuwa ndio wa kweli. Mimi na kaka yangu mkubwa, tuliokuwa tukipokezana padi wakati wa likizo kwenye PlayStation 2 iliyonunuliwa ikiwa imetumika, tulikuwa tumeufikia ule wa kwanza. Tulipouanza mchezo wa tatu tukamwona Kaileena melini, mzima wa afya. Kaka yangu akaiweka padi chini.

"Mbona huyu tulimuua?" akauliza.

Swali lake lilikuwa swali la kihakiki. Riwaya haiwezi kumwambia msomaji kuwa mwisho alioufikia kwa jasho lake haukutokea. Mchezo wa video unaweza, na unapofanya hivyo huwa umemkana mmoja wa watunzi wake, yaani mchezaji.

Mchezo wa Tatu: Marejeo ni Ngamani

Katika The Two Thrones, Mwanamfalme anakuta Babeli inaungua. Kwa kuuzuia Mchanga usifike India, aliyafuta pia matukio yaliyomfikisha kwenye kumuua Waziri. Basi Waziri yu hai, anamuua Kaileena, na Mchanga unafumuka upya. Kila alichokitendua kimezaa kingine. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Isitoshe, Mchanga unauathiri mwili wake na ndani yake kunazuka nafsi ya pili, yenye kiburi na kejeli, ambayo hubishana naye njia nzima. Hasira iliyokosa maneno katika mchezo wa pili hapa inapata sauti na kujibiwa.

Mwigizaji wa sauti wa mchezo wa kwanza alirejeshwa, na Farah naye akarejea. Hamjui Mwanamfalme. Mwanamfalme, kwa kughafilika, anamwita kwa jina lake kabla ya kuambiwa. Sisi tulioucheza mchezo wa kwanza tunajua alilijuaje, na hapo ndipo ilipo nguvu ya mwendelezo huu. Katika ulimwengu wa hadithi, penzi la Mwanamfalme na Farah halina shahidi ila Mwanamfalme. Nje ya hadithi, shahidi ni mchezaji. Mwishoni Farah anamuuliza alilijuaje jina lake, naye anaanza kusimulia kwa maneno yale yale yaliyoufungua mchezo wa kwanza. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mwisho huo niliufikia peke yangu. Kaka yangu alikuwa amekwisha kwenda kutafuta kazi mji mwingine, na kadi ya kumbukumbu iliyohifadhi michezo yetu ikabaki nami. Miaka ilipita kabla hatujalizungumzia jambo hilo. Siku moja alipokuja nyumbani nilimweleza kwa furaha jinsi hadithi ilivyoisha. Akasikiliza, kisha akaniuliza yule binti aliitwa nani. Alikuwa amesahau, kazi, kodi na watoto wawili vilikuwa vimeichukua nafasi hiyo. Nilihuzunika kidogo. Kisha nikaanza kumsimulia tangu kasri la Maharaja, naye akawa anacheka mahali pale pale alipocheka zamani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa mwendelezo hupimwa kwa jinsi unavyoitendea kumbukumbu. Mchezo wa pili uliirithi hadithi ukaiacha sauti yake. Aidha, kwa miisho yake miwili ulifungua njia ya baadhi ya wachezaji kukanwa. Mchezo wa tatu ulifaulu kwa kuwa uliigeuza kumbukumbu yetu kuwa siri tunayoshirikiana na mhusika. Jambo hili halitengani na kazi ya fanani wetu, kwani hadithi huendelezwa na anayekumbuka kwa ajili ya asiyekumbuka.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kuwa wanafunzi wa Kiswahili wasiione michezo ya video kuwa anasa isiyo na matini. Vijana wetu huijadili kwa Sheng na kwa Kiingereza, si kwa kuwa Kiswahili hakiwezi, bali kwa kuwa sisi hatujaifanyia kazi istilahi yake. Tunaweza kuanza kwa kutenganisha mfululizo, ambapo kila kazi hujitegemea kama mafumbo ya Bwana Msa; mwendelezo, ambapo ya pili huidai ya kwanza; na kijazio, kama vile The Forgotten Sands (2010), unaosimulia yaliyotokea ndani ya ile miaka saba baina ya mchezo wa kwanza na wa pili. Istilahi hizi huenda zikapingwa, na zipingwe. Kwa mwenzangu aliyeniuliza swali katika semina, hili ndilo jibu langu, ingawa limechelewa.