Mzani Kwanza, PIN Baadaye: Kununua Mboga kwa Simu Kericho na Bomet

Leo somo letu linaingia jikoni.

Zamani kuagiza mboga kwa simu ilikuwa mambo ya Nairobi. Siku hizi ukiwa Litein, Sotik, Silibwet au Mogogosiek, huenda uko kwenye grupu ya WhatsApp ambako muuzaji huweka picha za nyanya, viazi, managu na parachichi, na chini yake namba ya kulipia. Unachagua, unalipa, boda analeta. Huhitaji kadi ya benki wala programu maalum. Duka ni WhatsApp, gari ni pikipiki, na pesa iko kwenye simu.

Ni rahisi, hasa ukiwa umeshinda shambani na soko liko mbali. Lakini kuna swali moja ambalo wengi hawajiulizi mpaka siku waumie: pesa itoke lini?

Mfano wa jioni moja

Tuseme mama mmoja karibu na Kapkatet ameagiza viazi kilo 5, nyanya kilo 2 na kitunguu kilo 1. Jumla ni shilingi 600, na boda 150. Muuzaji anamwandikia: "Mama, tuma tu 750 kwa namba yangu, boda yuko hapa anangoja." Mama anatuma.

Mzigo unafika saa moja usiku. Viazi havionekani kufika kilo 5, na nyanya za chini zimepondeka. Anampigia muuzaji, anaambiwa, "Huyo ni boda ameponda." Anamuuliza boda, anajibiwa, "Mama, mimi nilipewa mfuko ukiwa umefungwa." Kila mtu ana jibu lake, na pesa imeshaenda.

Mama anakumbuka habari ya kurudishiwa pesa, anatuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456. Hapa ndipo wengi hukosea. Huduma hiyo ni ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Haikuwekwa kwa ajili ya kuamua ugomvi wa nyanya. Ukituma kwa mtu uliyemkusudia, na yeye amepokea, mnatakiwa kuelewana wenyewe.

Pengine hapo hakuna tapeli hata mmoja. Kilichokosekana ni utaratibu.

Utaratibu huo tayari unaujua

Fikiria unavyouza majani chai. Ukifika kituo cha kununulia majani, mzigo unawekwa kwenye mzani, unaangalia kilo kwa macho yako, na unapata risiti. Humwambii karani, "Andika tu, nakuamini." Hata kama ni jirani yako, mzani ndio unaosema.

Sasa mbona kilo za majani unazilinda hivyo, na kilo za viazi unazilipia kwa picha? Pesa ni ileile. Fuata hatua hizi tano.

1. Agiza kwa kipimo kinachopimika. "Viazi vya mia tatu" si kipimo. Gorogoro inaweza kujazwa hadi juu au kusawazishwa, na fungu la sukuma la leo si la jana. Andika hivi: "Habari mama. Naomba viazi kilo 5, nyanya kilo 2 zisizoiva sana, kitunguu kilo 1. Jumla ni ngapi?" Jibu la muuzaji likishaandikwa, usilifute. Hiyo ndiyo risiti yenu.

2. Tenga pesa ya boda na pesa ya bidhaa. Muuzaji naye ana hofu yake. Kuna wateja wanaoagiza, boda akifika hawapatikani, na nyanya zinaozea kwake. Kwa hiyo njia ya haki ni hii: lipa usafiri mapema, lipa bidhaa mkononi. Ukimtumia boda 150 kabla hajaondoka, muuzaji anajua huchezi. Na ile 600 ikibaki kwako mpaka mzigo ufike, muuzaji atapanga nyanya juu ya viazi, si chini.

3. Pima, fungua, halafu lipa. Kama una mzani mdogo nyumbani, utoe. Kama huna, peleka mfuko kwenye duka la karibu. Kitu kikipungua, mpigie muuzaji boda akiwa bado hapo, mkubaliane bei mpya, ndipo ulipe.

4. Lipa kwa namba ya till ikiwezekana. Ukilipa kwa till ya Lipa na M-Pesa, mteja hakatwi ada. Muuzaji ndiye hukatwa kidogo, na ndiyo maana wengine hupenda utume kwa namba ya kawaida. Kutuma kati ya shilingi 501 na 1,000 kwa mtu ni shilingi 13, na kati ya 101 na 500 ni shilingi 7. Yule mama wa Kapkatet alikatwa 13 kwa kutuma 750 mara moja. Angemtumia boda 150 kwa ada ya 7, halafu alipe 600 kwa till bila ada, angeokoa shilingi 6 na bado angekuwa na usemi juu ya nyanya zake.

5. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Kama duka linajulikana kwa jina moja na simu inakuonyesha jina lingine, simama, uliza kwanza. Na dirisha la kuomba PIN likijitokeza kwa kiasi usichokijua, likatae.

Boda mmoja, jikoni nne

Kwa mzigo wa 600, boda wa 150 ni robo nzima ya bei. Hesabu hii si yako peke yako. Jumia Food ilifungwa nchini Kenya Desemba 2023. Copia, iliyowafikia watu wa mashambani kupitia mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini kufikisha mzigo mdogo mbali, kwa mtu mmoja mmoja, ni gharama kwa kampuni yoyote.

Lakini lile wazo la mizigo mingi kushukia mahali pamoja ni zuri, na nyinyi mna mahali hapo tayari: kituo cha majani. Watu hukutana pale, na saa inajulikana. Tuseme majirani wanne wameagiza siku moja, na boda, kwa sababu mzigo umekuwa mzito, anataka 200. Kila mmoja anamtumia jirani mmoja 50, na kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada. Huyo jirani anamlipa boda 200 kwa ada ya 7. Mizigo ikifika, kila mtu anafungua mfuko wake, anapima, na analipa till mwenyewe.

Kila nyumba imeokoa shilingi 100 hivi kwa safari moja. Ukiagiza kila wiki, ni karibu 400 kwa mwezi. Igawanye kwa bei ya kilo moja ya majani unayolipwa wewe, uone ni kilo ngapi ulikuwa unachumia boda.

Kwa wewe unayeuza

Usimruhusu boda aache mzigo kwa kuonyeshwa SMS tu. Ujumbe wa uongo huandikwa ukafanana kabisa na wa kweli. Angalia salio lako au ujumbe uliofika kwenye simu yako mwenyewe, ndipo umwambie boda, "Sawa, mpe." Na uwe na namba ya biashara iliyo mbali na ya nyumbani, ili jioni ujue ni faida ngapi na ni karo ngapi.

Na kwa wote: PIN haitajwi kwa mtu yeyote, iwe boda, muuzaji au anayejiita wa huduma kwa wateja. Safaricom hupiga kwa namba moja tu, 0722 000 000. Namba ya tapeli itume kwa 333, ni bure.

Zoezi la wiki hii

Kabla ya oda yako ijayo, ongea na majirani watatu mnaokutana nao kituoni. Kubalianeni siku moja, boda mmoja, na mzani mmoja wa kupimia. Halafu mwambie muuzaji mapema: "Mama, usafiri tunatuma sasa hivi. Bidhaa tunalipa tukishapima." Muuzaji mwaminifu hatakasirika, kwa sababu oda nne kwa pamoja ni biashara nzuri kwake pia. Akikataa kabisa mzigo wake usipimwe, basi amekujibu kabla hujatoa shilingi.