Busara Kabla ya Bei: Kuchagua Kompyuta Mpakato ya Chuo kwa Fedha Kidogo

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, wengi wetu tunatafuta kompyuta mpakato kwa fedha ambayo haikupatikana kirahisi. Huenda mzazi ameuza magunia ya mahindi, au wanajumuiya wamechangishana. Fedha ya namna hiyo haitolewi mara mbili. Kwa hiyo kununua kompyuta si suala la kiufundi tu; ni suala la haki kwa wale waliojinyima, na ni zoezi la fadhila ya busara.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu na kuamuru, yaani kuelekeza kilichoamuliwa kitendeke. Tuyafuate kwa mpangilio huohuo.

1. Kutafuta shauri: kazi yetu ni ipi?

Njia hupimwa kwa lengo lake. Kabla ya kuuliza bei, tuulize kazi. Mwanafunzi wa falsafa, sheria au ualimu huandika insha, husoma vitabu vya PDF, huandaa slaidi na kufuatilia vipindi kwa intaneti. Kazi hizi hazidai mashine yenye nguvu nyingi. Anayesomea uhandisi au usanifu wa majengo, ambaye atachora kwa AutoCAD, ana mahitaji makubwa zaidi na aulize kwanza idara yake. Tuyaandike mahitaji hayo kwenye karatasi, la sivyo muuzaji ndiye atakayetuchagulia.

2. Kuhukumu: kipi kinafaa?

RAM ni kama meza ya kusomea: ikiwa pana, vitabu vingi hufunuliwa kwa pamoja. Windows 11 inakubali kuanzia GB 4, lakini ukifungua insha pamoja na kurasa kadhaa za intaneti, meza hiyo hujaa upesi. Tutafute GB 8.

Kwa hifadhi, tuchague SSD, ikiwezekana ya GB 256. Diski ya HDD ina visahani vinavyozunguka. SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, hivyo ni ya haraka zaidi na huvumilia zaidi mitikisiko ya safari. Tujihadhari na mashine mpya za bei ya chini zenye hifadhi ya eMMC ya GB 64. Kiasi hicho ndicho cha chini kabisa ambacho Windows 11 inadai, na kwa kawaida hifadhi hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hivyo huwezi kuibadilisha.

Kuhusu prosesa, upya si nguvu. Celeron N4020 ina viini viwili. Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina vinne. Ndiyo maana mashine iliyotumika ofisini inaweza kuishinda mpya ya bei ileile.

Pingamizi: mashine mpya ina dhamana, na betri yake haijachoka. Jibu: ni kweli, na hizo ni faida halisi. Kwa hiyo, mashine mpya yenye GB 8 na SSD ikiwa ndani ya uwezo wetu, tuichukue. Isipopatikana, iliyotumika ni afadhali kuliko mpya dhaifu, ila kwa sharti moja. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel Core, Windows 11 kwa kawaida inakubali kuanzia kizazi cha 8. Kizazi husomwa baada ya kistari: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11.

3. Kuamuru: tukifika dukani

Tuwashe mashine wenyewe. Tubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tufungue sehemu ya Performance: hapo RAM, prosesa na aina ya diski huonekana, bila kutegemea maneno ya mtu. Kwa mashine iliyotumika, tufungue Command Prompt na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti yake hulinganisha ujazo wa betri ilipotengenezwa na ujazo inaobeba sasa. Ikiwa imebaki nusu, tudai bei ipunguzwe au betri ibadilishwe. Tujaribu kila kitufe, kamera, spika, Wi-Fi na matundu ya USB. Mwisho tudai risiti yenye namba ya mashine, na dhamana iwe kwa maandishi.

Tusimalize fedha yote. Tubakize ya diski ya nje au flashi ya kuhifadhia nakala za kazi zetu, kwa maana tasnifu iliyo mahali pamoja tu inaweza kupotea siku moja. Programu za wizi hatuzihitaji: LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa insha. Amri ya saba haiishii mlangoni mwa duka.

Wahenga walisema, rahisi ghali. Mashine inayokwama mwaka wa pili humrudisha mzazi shambani kutafuta fedha ileile.

Maswali ya kutafakari

1. Je, ninachokitamani dukani kinalingana na kazi niliyoiandika kwenye karatasi?
2. Ningemweleza vipi aliyenipa fedha hii sababu za uchaguzi wangu?