NJIA ZA BAISKELI ZISIZO NA MAGARI: SOMO KUTOKA BONDE LA KARURA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa maji hufuata mkondo. Msomaji mpendwa, sikuichagua methali hii kwa kupamba makala tu, bali kwa sababu ndiyo somo lenyewe. Anayetaka kusafiri kwa baiskeli kwa raha na usalama hana budi kujifunza kwa maji. Katika makala haya nitaeleza maana ya njia isiyo na magari, kwa nini bonde la mto huifaa, jinsi ya kuipanga safari, na kwa nini njia ya namna hii haiwezi kuwepo pasipo bonde lenyewe kulindwa. Mfano wangu ni Msitu wa Karura, ulioko kaskazini mwa jiji la Nairobi.

Njia isiyo na magari ni ipi?

Sisi wanafunzi wa shule za kutwa tunaijua barabara vizuri. Anayekuja shuleni kwa baiskeli hupita ukingoni mwa lami. Nyuma matatu inampigia honi, mbele bodaboda inamchomokea, na ubavuni kuna mtaro. Akili yote iko kwa magari. Je, hapo atajifunza saa ngapi kushika breki ipasavyo? Akiteleza si mchezo, jamani.

Njia isiyo na magari ni ile waliyotengewa waendao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Si barabara yenye magari machache, la hasha! Gari moja tu likija kasi linatosha kuleta msiba. Katika Karura, wageni huacha magari yao penye maegesho karibu na malango, kisha huingia msituni kwa miguu au kwa baiskeli. Humo ndani mna vijia vya takriban kilomita 50 vya udongo mwekundu, na kwenye makutano pamesimamishwa vibao vyenye nambari ili mtu asipotee. Kuna malango upande wa Limuru Road na upande wa Kiambu Road. Asiye na baiskeli yake anaweza kukodi.

Kwa nini bonde la mto?

Wanajiografia wa Kidato cha Tatu mtanielewa upesi. Mito ya upande huu wa Nairobi hutoka kwenye nyanda za juu za Kiambu na kuteremka kuelekea mashariki na kusini-mashariki. Kwa miaka mingi imechimba mabonde, na kati ya bonde na bonde pamebaki mgongo wa ardhi. Mto Karura ni mmojawapo. Maji yake huingia katika mfumo wa Mto Nairobi, kisha Mto Athi, ambao baadaye huitwa Galana na Sabaki, na mwishowe humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Basi ukiifuata njia inayokwenda sambamba na mto, aghalabu mteremko huwa wa polepole. Lakini ukiukata mto kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, utashuka ghafla na kupanda ghafla. Tupige hesabu kidogo. Tuseme wewe na baiskeli yako mna uzito wa kilo 70, na mnataka kupanda kimo cha mita 30. Kazi ya kupambana na mvutano wa dunia ni 70 × 10 × 30, yaani jouli 21,000. Kazi hiyo haipungui hata ukipita wapi. Lakini ukipanda kwa njia ya mita 300, utahitaji nguvu ya nyutoni 70. Ukipanda kwa njia ya mita 1,500, utahitaji nyutoni 14 tu, mbali na msuguano. Ndiyo maana mwenye Black Mamba isiyo na gia anaweza kuandamana na mto akipiga soga, ilhali akiukata mto hushuka akaisukuma. Kuisukuma si aibu. Ni fizikia.

Jinsi ya kupanga safari

Kwanza, ikague baiskeli. Shika breki zote mbili uone kama zinauma. Bonyeza matairi, tazama mnyororo, kaza skrubu za kiti. Beba pampu na viraka, kwa maana pancha haibishi hodi. Helmeti ni lazima hata pasipo magari, kwani jiwe na mzizi havina huruma.

Pili, gawanya safari kwa muda. Mwanafunzi asiyezoea huenda kilomita 8 kwa saa katika njia ya udongo. Hivyo kilomita 12 zitamchukua saa moja na nusu, mbali na mapumziko. Andika nambari za makutano mtakayopita. Mwenye kasi asiwaache wenzake. Kundi liende kwa mwendo wa yule wa mwisho.

Tatu, teremka kwa akili. Ukiongeza kasi maradufu, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huwa mara nne. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili taratibu. Anayekamata ya mbele peke yake kwa ghafla hurushwa juu ya usukani.

Adabu za bonde

Njia hii ni ya watu wengi. Mwenye miguu ana haki ya kwanza. Ukimkaribia mzee au mama mwenye watoto, piga kengele mapema, punguza mwendo, umsalimu na kumpita kwa upole. Penye kibao cha kukataza baiskeli, usibishane na kibao. Ukimwona pongo au mbega, simama, usimfukuze wala usimpe chakula.

Fauka ya hayo, usitoke nje ya njia. Wengi huuliza, "Kijia kidogo tu kina ubaya gani?" Sikiliza, ndugu yangu. Gurudumu linapoburuzwa kwenye udongo mbichi huchora mfereji mwembamba. Mvua za masika zikija, maji hufuata mkondo huo, huuchimba, na kubeba udongo hadi mtoni. Mto hujaa matope, na njia yenyewe hugeuka korongo lisilopitika. Kwa hiyo mvua ikinyesha sana, ahirisha safari.

Bonde lililopiganiwa

Sasa nafika kwenye kiini cha makala yangu. Unapopiga pedali chini ya miti ya Karura ukasikia maporomoko ya maji, unaweza kudhani kuwa mahali hapa palijihifadhi penyewe. Sivyo hata kidogo.

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Ina ukubwa wa hekta 1,000 na ushei. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kisirisiri ili zijengwe majumba. Habari zilipofichuka mwaka wa 1998, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika aliloanzisha mwaka wa 1977, waliingia kupanda miche mahali palipofyekwa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na kundi la wanaume langoni mwa msitu, na Profesa akajeruhiwa kichwani. Alipokwenda kuandikisha malalamiko kwa polisi, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana kuutetea msitu. Mnamo Agosti 1999, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka wa 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hata baada ya hapo msitu haukuwa salama. Watu waliogopa kuuingia kwa sababu ya majambazi. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua njia kwa wananchi kushirikiana na serikali kuitunza misitu. Mwaka wa 2009 majirani waliunda chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura, wakafanya kazi na Shirika la Huduma za Misitu. Ua wa umeme ulijengwa, walinzi wakawekwa, na vijia vikasafishwa.

Waama, njia ya baiskeli ni tunda. Mti wake ni ulinzi wa bonde. Kama majumba yangalijengwa, kando ya Mto Karura leo pangalikuwa na kuta na lami, na gari lingalikuwa mbele yako na nyuma yako. Njia ya baiskeli haiongezwi baadaye, ardhi ikishakwisha.

Hitimisho

Wenzangu, mito inayopita mitaani mwetu imebanwa na takataka na majengo hadi ukingoni. Kila kipande cha ukingo kinacholindwa leo kinaweza kuwa njia ya mtoto kwenda shule kesho bila kukimbizana na matatu. Naomba walimu wetu wapendwa na viongozi wa chama wafikirie ziara ya Karura muhula ujao, tukajifunze kwa macho na kwa miguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo ukijengwa bondeni, hatutapita tena.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini njia inayofuata mto huwa rahisi kuliko inayoukata mto?
2. Wewe na baiskeli mna kilo 60, na mnapanda kimo cha mita 20 kwa njia ya mita 400. Mtahitaji nguvu kiasi gani, mbali na msuguano?
3. Eleza jinsi gurudumu moja linavyoweza kuleta korongo.
4. "Njia ni tunda, mti wake ni ulinzi wa bonde." Jadili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Chama cha Kiswahili