Mgonjwa wa Kongosho Akirudi Nyumbani: Somo kwa Kamati za Diakonia



Miaka ya nyuma, usharika mmoja ulimpokea baba aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kongosho. Kamati ilimpelekea unga, sukari na soda, ikamwombea, ikaona imemaliza. Nyumbani, mkewe alimnyima nyama na mafuta kwa kuogopa kidonda, akawa anampa uji mweupe. Baada ya majuma kadhaa suruali zilikuwa zinamvuka. Ugonjwa haukuwa umerudi. Alikuwa na njaa katikati ya msaada wetu. Mratibu nilikuwa mimi, na sikuwa nimeuliza lolote kuhusu chakula chake. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kongosho hufanya kazi gani?

Kongosho hutoa vimeng'enya vinavyosaga mafuta, protini na wanga ndani ya utumbo. Pia hutoa insulini inayosimamia sukari katika damu. Upasuaji mkubwa unaoitwa Whipple, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1935, huondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba na kifuko cha nyongo. Baada ya hapo mgonjwa hushiba upesi, na chakula huweza kupita bila kusagwa. Dalili zake ni choo kingi cha rangi iliyopauka, chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, pamoja na kupungua uzito.

Mambo ya kuzingatia

1. Ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Vinywaji anywe zaidi kati ya milo, visimjaze kabla ya kula.

2. Apate protini ya kutosha. Kiasi kinachopendekezwa ni kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 50 anahitaji gramu 60 hadi 75. Yai moja lina kama gramu 6, na robo lita ya maziwa kama gramu 8. Uji uongezwe maziwa, karanga zilizosagwa au unga wa dagaa.

3. Mafuta yasikatazwe bila ushauri wa daktari, kwa kuwa yana nguvu nyingi. Choo kikionyesha mafuta, kwa kawaida tiba ni vidonge vya vimeng'enya. Humezwa pamoja na mlo kwa maji yasiyo ya moto. Havitafunwi wala havichanganywi na uji wa moto, wala havihifadhiwi juani au karibu na jiko. Vingi hutokana na kongosho la nguruwe. Mgonjwa Mwislamu aelezwe mapema ili aamue mwenyewe.

4. Sukari ipimwe, maana baadhi hupata kisukari. Anayechoma insulini asiruke mlo. Akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe kinywaji chenye sukari haraka ikiwa anaweza kumeza, kisha apelekwe kituo cha afya.

5. Pombe na tumbaku viachwe.

Wajibu wetu

Kamati iwe na mzani. Mgonjwa apimwe kila juma, na kilo ziandikwe daftarini. Uzito ukizidi kushuka, arudishwe kliniki bila kungoja tarehe. Badala ya kapu kubwa la mara moja, tutoe mayai na maziwa kila juma, tena tuongee na yule anayepika.

Wafadhili wetu, vidonge hivi si vya kutegemea kuvikuta katika zahanati ya kijiji, na wengine huvihitaji maisha yao yote. Mchango wa dawa na nauli hauna picha nzuri kama jengo jipya, lakini bila huo, upasuaji uliogharimu mengi unaweza kuharibika mezani.

Yule baba alirudishwa hospitali, akapewa vidonge, na muuguzi akakaa na mkewe kupanga milo. Taratibu akaanza kuongezeka kilo. Mama huyo alituambia kwamba angefanya hivyo tangu mwanzo, kama angekuwepo wa kumweleza.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, nani humtembelea mgonjwa juma la pili na la tatu baada ya kutoka hospitali?
2. Mara ya mwisho tulipopeleka msaada, tuliuliza mgonjwa anaruhusiwa kula nini?
3. Mfuko wetu wa diakonia unaweza kugharamia dawa ya mtu mmoja kwa miezi mingapi?